Guta la petroli, la kuchaji au la kubadilisha betri? Hesabu za Kibirizi kabla kikundi hakijachukua mkopo wa manispaa

Nanunua dagaa Kibirizi, mwalo (mahali pa kushushia samaki) wa Ziwa Tanganyika, na kuwauza soko la Mwanga, mjini Kigoma. Watu hudhani kinachotula faida sisi wa biashara hii ni bei ya mwaloni. Mara nyingi ni ule mwendo mfupi wa kutoka ufukweni, kupita mjini na kupanda mlima hadi sokoni. "Mama, mafuta yamepanda, niongezee kidogo," ananiambia kijana wa guta, ile pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo, nami naongeza, kwa sababu wingu la masika halimsubiri mtu aliyekaa na magunia nje. Mwisho wa mwezi nikifungua daftari naona kile "kidogo" kimekuwa faida ya gunia zima.

Sasa kikundi chetu cha akinamama na kikundi cha vijana wa kijiwe tumeanza kuzungumzia kukopa manispaa tununue maguta yetu wenyewe. Kwenye kikao cha kwanza tulibishana mpaka adhuhuri. Mmoja anataka la petroli kwa kuwa kila fundi analijua. Mwingine anataka la umeme, la kuchaji usiku. Wa tatu, aliyewahi kukaa Dar es Salaam, anasema tutafute la kubadilisha betri. Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili yao, na kwa waheshimiwa madiwani watakaopitisha fedha, maana naona tunabishania chombo ilhali ugumu wenyewe uko kwenye betri na kwenye marejesho.

Manispaa ina uwezo juu ya nini

Tukienda pale tujue tunaomba nini. Barabara za mitaa yetu ziko chini ya TARURA tangu 2017. Leseni ya kubeba mizigo na abiria kwa malipo ni ya LATRA. Umeme ni wa TANESCO, na bei kikomo ya mafuta hutangazwa na EWURA kila mwezi. Diwani ukimlilia bei ya petroli unamwonea.

Manispaa ya Kigoma-Ujiji inachoshika ni ardhi ya masoko na stendi, ushuru, sheria ndogo, na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo sheria inaitaka ikopeshwe bila riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023. Iliporejea mwaka 2024 ilikuja na utaratibu mpya, na manispaa yetu ikawekwa kwenye kundi la halmashauri 10 za majaribio ambako fedha zilipangwa zipitie benki. Mimi naliona hilo kwa macho mawili. Benki inajua kufuatilia deni, na huko nyuma vikundi vingi vilikula fedha na kutawanyika. Lakini benki haijui mbalamwezi. Nitalirudia jambo hili kwa sababu ndilo lililonifanya nishike kalamu.

La petroli

Uzuri wake tunaujua. Bei ya kununulia ni nafuu, vipuri vipo Mwanga, likiharibika jioni asubuhi liko barabarani, na ukikwama kimaisha unapata mnunuzi siku hiyohiyo. Kuna uzuri mwingine ambao hausemwi vikaoni: mafuta unayanunua siku unayofanya kazi tu. Guta likilala, pochi nayo inalala.

Ubaya wake ni kwamba sisi tuko mwisho wa njia. Petroli inayofika hapa imesafiri zaidi ya kilomita 1,200 kutoka bandari ya Dar es Salaam, na orodha ya EWURA ikitoka, Kigoma iko miongoni mwa maeneo yanayolipa zaidi. Dunia ikitikisika popote pale, mtikisiko unaishia kwenye gunia langu. Majirani zetu wa Burundi wamepitia miaka ya foleni za mafuta, na nimewasikia wafanyabiashara wa huko wakisimulia mizigo iliyoozea njiani kwa kukosa lita chache. Mji unaoishi kwa biashara ya ziwa usijifunge kwenye bomba moja.

La kuchaji

Hapa panahitaji utulivu, kwa sababu ndipo penye akiba kubwa na ndipo penye mtego.

Akiba inatoka kwenye mashine yenyewe. Injini ya petroli hugeuza takribani robo tu ya nguvu ya mafuta kuwa mwendo, nyingine inapotea kama joto. Mota ya umeme inatumia zaidi ya asilimia 80 ya nguvu inayotoka kwenye betri. Kwenye mlima wa kwenda Mwanga utaona tofauti: mota ina nguvu tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, haikohoi na haitoi moshi usoni mwa watoto wa shule.

Zamani ningepinga. Kigoma ilikuwa inawashwa na majenereta ya dizeli, na guta la umeme lingekuwa tu limehamisha moshi kutoka barabarani kuupeleka kwenye jenereta. Tangu 2022 mkoa wetu umeanza kupata umeme wa gridi ya taifa, na gridi hiyo sasa inabebwa kwa sehemu kubwa na maji, Bwawa la Julius Nyerere likiwa limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115. Mradi wa Malagarasi, wa megawati 49.5, uko mkoani kwetu kabisa. Umeme bado unakatika, tusidanganyane, lakini chanzo chake kimebadilika.

Sasa hesabu. Shilingi 10,000 ya Luku kwa matumizi ya kawaida inatoa uniti 28, yaani karibu shilingi 357 kwa uniti. Tuseme guta la mizigo linatumia uniti 9 kwa siku ya kazi: ni kama shilingi 3,200. La petroli tuliwekee lita 4 kwa shilingi 3,000: ni 12,000. Tofauti ni shilingi 8,800 kwa siku. Hizi ni namba za mfano. Kila kikundi kiweke zake, na kiziandike kwa wiki mbili kabla ya kusaini chochote.

Angalizo kwa anayesema "tutachaji kwa bibi, yeye ana umeme wa shilingi mia". Bei ile ya shilingi 100 ni ya nyumba isiyozidi uniti 75 kwa mwezi. Guta moja kwa siku 22 linakula uniti 198. Utamtoa bibi kwenye nafuu yake, na taa yake ya sebuleni atailipia bei ya juu kwa sababu yako. Chaji ya biashara iwe na mita yake.

Mtego uko kwenye aina ya betri. Maguta ya umeme ya bei ya chini huja na betri za risasi na asidi, ndugu wa ile ya gari. Zikitumiwa hadi karibu kuisha kila siku, huchoka baada ya chaji mia tatu, nne, tano hivi. Betri za lithiamu za aina ya LFP huvumilia chaji zaidi ya 2,000, lakini bei ndiyo inayokutoa jasho dukani. Muuzaji atakuonyesha rangi, kioo na redio. Wewe inama uangalie chini ya kiti kumeandikwa nini.

La kubadilisha betri

Kwenye mpango huu unanunua guta bila betri. Betri ni mali ya kituo. Ikiisha unaingia, unatoa tupu, unachukua iliyojaa, unalipia ulichotumia, unaondoka. Hakuna kusubiri chaji kwa muda wa saa sita. Betri ikichoka ni mzigo wa mwenye kituo.

Wapo wanaosema hii ni ndoto ya miji mikubwa. Mimi nawaambia watazame ziwani usiku. Wavuvi wa dagaa walikuwa wanavutia samaki kwa karabai za mafuta ya taa, na mafuta yale yalikuwa yanameza mapato ya usiku mzima. Leo wengi wanatumia taa za LED zenye betri. Asubuhi betri inarudi nchi kavu kuchajiwa, jioni inarudi mtumbwini. Hakuna aliyewaitia semina. Waliona hesabu wakahama. Kwa hiyo kijana wa mwaloni anayechaji betri za watu kwa malipo ameshaanza nusu ya kazi ya kituo cha maguta. Ubunifu ninaoutaka manispaa iusaidie ni huu, uliokwisha kujithibitisha majini.

Ubaya upo, na ni mzito. Betri za kampuni moja haziingii kwenye guta la kampuni nyingine. Kampuni ikifunga kituo, guta lako linabaki chuma. Na mji wenye maguta machache haumvutii mwekezaji, naye dereva hanunui guta mahali pasipo na kituo, kila mmoja akimngoja mwenzake. Kigali, mji wenye milima kuliko wetu, uliacha kusajili pikipiki mpya za petroli za kubeba abiria kuanzia Januari 2025, lakini vituo vya kubadilisha betri vilikuwa vimetangulia kwa miaka. Tukianza na katazo kabla ya vituo tutawaumiza vijana bure.

Kwa anayetaka kuona vyote vitatu kwa pamoja:

| | Petroli | Kuchaji | Kubadilisha betri |
|---|---|---|---|
| Fedha ya kuanzia | ndogo | kubwa, hasa kwa lithiamu | ya kati |
| Gharama ya siku ya kazi | kubwa | ndogo sana | ya kati |
| Siku usiyofanya kazi | hulipi mafuta | deni la betri linaendelea | hulipi betri |
| Betri ikifa | haikuhusu | ni yako | ni ya kituo |
| Ukitaka kuuza | rahisi | vigumu kwa sasa | inategemea kituo |

Mwezi, na miezi mitatu ya kufungwa kwa ziwa

Mstari wa tatu wa jedwali ndio nilioulalia macho usiku kucha.

Dagaa huvuliwa kwa taa, gizani. Mbalamwezi ikitanda, taa haina mvuto na mitumbwi hupumzika. Kila mwezi tuna wiki moja, wakati mwingine zaidi, ambayo mwalo unakuwa kimya. Juu ya hapo, mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, ili samaki wazaliane. Mimi naunga mkono kufunga. Magunia yalikuwa yanapungua na kila mzee wa mwalo wa Katonga anajua. Lakini anayepanga biashara ya mwalo aiweke miezi hiyo mitatu kwenye daftari lake. Manispaa nayo iiweke, kwa sababu wakati huo ushuru wa samaki unakauka, na kile kinachokauka ndicho kinachozaa ile asilimia 10.

Turudi kwenye mfano. Tuseme guta la kuchaji limezidi la petroli kwa shilingi milioni 3. Gawanya kwa akiba ya 8,800 kwa siku: siku 341 za kazi. Mtu wa mjini anayefanya kazi siku 26 kila mwezi atazimaliza katika miezi kama 13. Guta la Kibirizi linalofanya kazi siku 22 kwa mwezi, miezi 9 kwa mwaka, lina siku 198 tu. Litahitaji karibu mwaka na miezi tisa. Kama betri ni ya risasi, itakuwa inakaribia kufa siku ileile guta linapoanza kukulipa. Kikundi kimoja ninachokifahamu kilipita njia hiyo: akiba yote ya mafuta iliingia kwenye betri mpya, na marejesho yakakwama.

Nikiri kuna mizigo mingine: mawese ya Simbo, mihogo, saruji, vitenge na bidhaa za kuvuka ziwa kwenda Kalemie na Uvira, upande wa Kongo. Guta halilali kabisa. Lakini biashara ya ng'ambo nayo ina vishindo vyake. Vita vya mashariki ya Kongo vikishika moto, maboti yanapungua na sisi tunajua kabla ya redio kutangaza. Anayekopa kwa kutegemea kila siku iwe ya kazi, amekopa kwa hesabu ya mji mwingine.

Ningechagua hivi

Kwa maguta ya mwaloni, ningechukua mpango wa kubadilisha betri, hata kama kituo ni kidogo na ni cha ushirika wetu wenyewe chenye betri chache za LFP za kukodishana. Malipo yanafuata kazi, na ziwa likilala deni nalo linalala.

Kwa bajaji za abiria kati ya Mwanga na Ujiji, ningechukua za kuchaji, tena za lithiamu. Njia ile haingojei mwezi. Watu wanakwenda kazini, hospitali na shule kila siku, mwendo ni mfupi na bajaji inarudi kijiweni mara nyingi. Siku 26 kwa mwezi zinapatikana, na hesabu inakubali bila kulazimishwa.

Kwa pikipiki zinazotoka Mwandiga kwenda vijijini, petroli ibaki kwa sasa. Barabara ni ndefu, umeme njiani hauna uhakika, na kijana akizimikiwa usiku porini na mgonjwa nyuma yake, hatakumbuka uzuri wa hewa safi.

Ndugu zetu wa Tabora jibu lao ni jepesi kuliko letu. Mji wao ni tambarare, wamezoea baiskeli, na mizigo yao haifuati mbalamwezi. Wao waende moja kwa moja kwenye za kuchaji.

Ombi letu kwa manispaa

Nisingependa tupewe maguta kwenye sherehe yenye mahema. Tupewe eneo. Soko la Mwanga na mwalo wa Katonga vimo kwenye miradi ya TACTIC, mpango wa serikali wa kuboresha miundombinu ya miji. Kwenye michoro ile itengwe kona ya chaji, yenye nyaya za kutosha na mita yake, na iwe juu ya mahali maji yanapofika. Tuliona ziwa lilivyopanda mwaka 2021 na tena 2024; kituo cha umeme kisijengwe pale ambapo mawimbi yatakuja kukidai. Kuweka bomba la nyaya wakati sakafu haijamwagwa ni gharama ndogo. Kuja kuivunja baadaye ni kulipa mara mbili.

Ushuru wa kuegesha kijiweni upunguzwe kwa chombo cha umeme kwa miaka miwili ya kwanza. Hilo liko ndani ya mamlaka ya baraza, halihitaji kibali cha kuitengeneza barabara wala mkataba na mtu wa nje.

Na orodha ya vikundi vilivyokopeshwa, kiasi, na waliorejesha, ibandikwe kwenye ubao wa kila kata. Mwaka 2016 Kigoma-Ujiji ilikuwa kati ya serikali 15 za ngazi ya chini duniani zilizochaguliwa kuanzisha majaribio ya uwazi chini ya OGP, ushirikiano wa kimataifa wa serikali zinazoendeshwa kwa uwazi. Tanzania ilijitoa 2017, lakini ubao na gundi hatukunyang'anywa. Vikundi vikiona vimeandikwa mbele ya majirani, vitarejesha.

Haraka yangu ina sababu. Mkataba wa reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022, na ni reli ya umeme. Kuna tawi jingine linalotoka Uvinza kwenda Musongati, Burundi. Mzigo wa Burundi utakuwa na njia ya kukata kona Uvinza bila kuiona bandari yetu. Utakaobaki ni ule wa Kongo na wa ziwani, na mfanyabiashara atauleta kwetu ikiwa gharama ya kutoka behewani hadi botini, na botini hadi sokoni, ni ndogo. Gharama hiyo inaanzia kwenye guta.

Kuhusu benki, tunaomba sharti moja liandikwe kwenye mkataba wa mkopo wa vikundi vya mwaloni: marejesho yapangwe kwa giza, si kwa tarehe 30. Tulipe zaidi wiki za uvuvi, tulipe kidogo mbalamwezi, na ziwa likifungwa kisheria, deni lisimame hadi giza la kwanza baada ya kufunguliwa. Fedha itarudi yote, kwa mwendo wa kazi yenyewe.

Kikao chetu cha pili ni Jumamosi, na muuzaji mmoja ameomba kuja kutuonyesha guta lake. Nitamwomba atuandikie dhamana ya betri kwa idadi ya chaji, isiwe kwa miezi. Akikataa, tutamshukuru kwa kuja na kumsindikiza stendi.